Ghushi Katika Uuzaji wa Kalamu za Kale

Kalamu ya wino, ile yenye nibu na hazina ya wino tumboni mwake, zamani ilikuwa chombo cha karani, cha mwalimu na cha kadhi. Kazi hiyo imekwisha kuchukuliwa na biro, kisha na simu, wala hatuioni ikirudi. Lakini kitu kikiisha kazi huenda kikapata wapenzi, na kalamu hizi zimepata wapenzi Uingereza, Marekani, Ujerumani, Japani na kwengineko, watu wanaozikusanya kama wengine wanavyokusanya sarafu na stempu. Tangu mwaka 1995 ulipoanzishwa mnada wa eBay katika intaneti, mpenzi wa kalamu hana haja tena ya kungoja zipite mtaani kwake. Hununua kwa mtu asiyemjua, katika mji asiopata kuuona, kitu ambacho mkono wake haujakigusa. Na kijana wa Mombasa, wa Malindi au wa Lamu mwenye simu mfukoni aweza naye kuingia katika soko hilo, akiwa mnunuzi au akiwa muuzaji.

Twajua wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, na kwamba Waislamu wana mashaka makubwa kuliko kalamu kuukuu. Sisi hatuoni hivyo. Suratul Mutaffifin haikushuka juu ya hazina za wafalme. Imeshuka juu ya pishi na mizani, juu ya mtu anayepunguza kibaba cha mwenziwe huku akijitimizia chake. Leo picha ndiyo pishi. Anayeuza kwa picha anampimia mwenziwe kwa picha, na picha yaweza kupunjwa kama pishi inavyopunjwa: kwa kuchagua upande wa kuonesha, kwa kufifiza mwanga, kwa kuacha nibu nje ya picha kwa sababu nibu imepinda.

Ili msomaji atufahamu, yafaa tutaje mfano mmoja wa kitu chenyewe. Mwaka 1941 kampuni ya Parker ya mji wa Janesville, Marekani, ilitoa sokoni kalamu iitwayo Parker 51. Jina hilo wamelichukua katika mwaka wa 51 wa kampuni yao, kwani ilianzishwa mwaka 1888, na kazi ya kuibuni kalamu hiyo ilitimia mwaka 1939. Nibu yake imefunikwa karibu yote, hata mtu asiyeijua huiona kama kalamu isiyo na nibu. Bei yake ya mwanzo ilikuwa dola 12 na nusu, bei ya watu wenye nafasi kwa wakati ule. Zile za mwanzo hujazwa wino kwa kufungua kifuniko kidogo cha nyuma na kusukuma kijiti kilichomo. Kuanzia mwaka 1948 ukaja mtindo mwengine, wa mfuko laini uliomo ndani ya mwanzi wa chuma wenye ulimi wa kubonyezwa. Basi muuzaji akikwambia, "Kalamu hii ni ya mwaka 1942," nawe ukaiona katika picha ina ule mwanzi wa chuma wa kubonyezwa, huna haja ya kumuuliza zaidi. Ama hajui auzacho, ama anajua na anadanganya.

Kadhalika katika kalamu nyingi za Parker zilizoundwa Janesville miaka ile, ubavuni pamechapwa tarakimu moja ya mwisho wa mwaka, na kando yake nukta za kuonesha robo ya mwaka. Tarakimu 6 yaweza kuwa ni 1936 au 1946. Lakini ikiwa iko juu ya Parker 51 haiwezi kuwa 1936, kwani kalamu hiyo ilikuwa haijazaliwa.

Njia hii ya kumkamata mwongo kwa tarehe si ngeni kwa Waislamu. Katika karne ya tano ya Hijra ulitolewa Baghdad waraka uliodaiwa kuwa ni wa Mtume (s.a.w.), unaowasamehe watu wa Khaybar kodi ya jizya, na chini yake yametajwa majina ya mashahidi katika Masahaba. Waraka ukapelekwa kwa Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 wa Hijra. Akautazama, akasema kuwa ni wa kughushi. Alipoulizwa amejuaje, alijibu kwamba miongoni mwa mashahidi yumo Muawiya, naye alisilimu mwaka wa kufunguliwa Makka, baada ya Khaybar. Na yumo Saad bin Muadh, naye alikufa baada ya vita vya Handaki, kabla ya Khaybar. Hakuukagua wino wala ngozi. Aliuliza tu: aliyetajwa hapa, je, alikuwako?

Tena wanavyuoni wa hadithi walikuwa na swali la pili: umelipokea kwa nani, na yeye kwa nani? Swali hili lafaa sana katika kalamu. Muuzaji huandika kwamba kalamu ilikuwa ya babu yake, afisa wa jeshi, na kwamba haikupata kutiwa wino. Haya ni mapokezi yasiyo na mnyororo. Mwengine huandika kwamba ni kalamu ya namna ileile aliyoitumia Jenerali Eisenhower, na hili huenda likawa kweli, kwani iko picha mashuhuri ya Mei 1945 mjini Reims, Ufaransa, siku Wajerumani waliposalimu amri, naye amezinyanyua kalamu mbili za Parker 51 amezifanya alama ya V. Lakini kweli hiyo ni ya zile kalamu mbili. Haikipandishi thamani kijiti ulichonacho wewe, kama vile mtu hawi sharifu kwa kuitwa jina la sharifu.

Ghushi katika kalamu hizi ziko namna nyingi, na hatutazitaja zote. Iliyo wazi kabisa ni ile ya kuunda kalamu mpya na kuichapa jina la kampuni kubwa. Kalamu za Montblanc za Ujerumani zimepatikana sana na msiba huu, kwa kuwa jina lao lapendwa na wanaotaka kuonekana. Kwenye nibu za Meisterstück huandikwa nambari 4810, nayo ni urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita, na kichwani mwa kifuniko pana nyota nyeupe. Mwenye kughushi huyajua hayo na huyaweka. Asichokiweza ni unyofu wa kazi: maandishi ya nibu huwa hafifu, nyota haikukaa katikati, hesabu ya miaka haiendi. Montblanc 149 imetoka mwaka 1952. Ukiambiwa ni ya miaka ya thelathini, mrudishie mwenyewe salamu zake.

Namna ya pili ni kufanana kulikogeuzwa kuwa udanganyifu. Kiwanda cha Hero cha Shanghai kimeunda kalamu iitwayo Hero 100, ambayo umbo lake lafanana mno na Parker 51. Kalamu hiyo kwa jina lake si ghushi, kwani imeandikwa jina la aliyeiunda na haimdanganyi mtu. Ghushi huanza pale mtu anapolifuta jina hilo, au anapoipiga picha kwa upande usio na jina, akaiacha picha iseme lisilokuwa.

Ya tatu imo katika maneno yaliyochapwa juu ya kalamu yenyewe. Nibu iliyoandikwa 14K au 585 ni ya dhahabu, sehemu 14 katika 24. Lakini kifuniko kilichoandikwa 1/10 12K G.F. si kifuniko cha dhahabu, ingawa muuzaji atakiita hivyo. Maana yake ni kwamba sehemu moja ya kumi ya uzito wake ni dhahabu, na dhahabu yenyewe nusu yake ni madini mengine. Fanya hesabu, utaona kwamba dhahabu safi ni sehemu moja katika ishirini. Na maneno Iridium Point Germany, ambayo yamechapwa juu ya nibu nyingi za chuma za bei rahisi, hayathibitishi kwamba kalamu imeundwa Ujerumani. Aandikaye haya kama yalivyo chini ya picha yake hakusema uwongo wa herufi, lakini anajua msomaji atafahamu nini. (Ama hukumu ya mwanamume kuandikia nibu ya dhahabu, hilo lina maneno yake kwa mafakihi, wala si makusudio yetu leo.)

Iko ghushi ya nne, nayo ndiyo yenye mjadala wa kweli. Mtu huokota mwili wa kalamu hii, kifuniko cha ile, nibu ya nyingine, akaziunga, ikapatikana kalamu moja nzuri inayoandika. Je, kalamu hiyo ni ya asili?

Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa swali hili na mtu wa mbali. Jahazi huingia gatini kila mwaka, ubao huu ukaoza ukang'olewa, ule ukatiwa mpya, mlingoti ukabadilishwa, na baada ya miaka thelathini huenda usipatikane ndani yake ubao hata mmoja wa siku ya kushushwa majini. Na bado nahodha hulitaja kwa jina lake, wala hapana amwitaye mwongo. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu bandarini ajua kwamba jahazi hutengenezwa. Jina la jahazi halikudai kwamba mbao zake ni zilezile. Kalamu ya kale, kwa upande wake, huuzwa kwa dai hilo hasa. Mnunuzi hatoi fedha nyingi apate kitu cha kuandikia, maana biro ya shilingi chache yaandika. Atoa fedha kwa sababu ameambiwa kwamba mwili huu, kifuniko hiki na nibu hii vilitoka kiwandani pamoja mwaka fulani. Kwa hivyo twaona kwamba uasilia haukai katika kalamu peke yake. Wakaa baina ya kalamu na neno lililosemwa juu yake. Kalamu ya viraka ikiuzwa kwa jina la kalamu ya viraka ni mali halali na yenye faida. Kalamu hiyohiyo, bila kubadilika kitu, ikiuzwa kwa jina la kalamu nzima, ni khiyana.

Na si kila kilichobadilishwa ni aibu. Mfuko wa mpira wa ndani huoza kwa miaka, na kalamu yenye mfuko uliooza haijazi wino. Fundi akiutoa akatia mpya amefanya lililo lazima, na hapana mjuzi atakayemlaumu. Lakini kalamu za mpira mgumu wa kale, ambazo kwa jua na unyevu weusi wake hugeuka hudhurungi, wako wanaozipaka rangi zikarudi nyeusi kama mpya. Wako pia wanaozisugua hata maandishi ya kiwanda yakafutika, zikang'ara kwenye picha kama kijiti cha kioo. Wapenzi wa kalamu wenyewe wanabishana kama kufanya hivi ni kuitengeneza kalamu au ni kuiharibu. Sisi hatuingii ugomvini mwao. Tusemalo ni kwamba aliyepaka na aseme amepaka.

Hili wala si rai yetu. Msomaji aijua khabari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni kwenye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata maji. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Akaambiwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyorowa juu watu waione, na Mtume (s.a.w.) akajitenga na mwenye kughushi. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba mtu yule hakunena uwongo hata mmoja. Hakusema nafaka yangu ni kavu. Alipanga tu, kavu juu na mbichi chini. Na kupanga ndiko kazi yote ya mpiga picha. Kadhalika amekataza mtu kumfunga mnyama chuchu, asimkame siku mbili tatu, ili mnunuzi aone kiwele kimejaa adhani ndiyo desturi yake. Na aliyenunua hivyo akapewa khiari ya siku tatu, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa maziwa aliyokama. Kalamu iliyosuguliwa kwa ajili ya picha ni kiwele kilichofungwa.

Hapa hutokea mtu akasema: "Mimi si mjuzi wa kalamu. Nimeandika wazi: tazama picha, mimi sijui, wala hakirudishwi." Maneno haya yameenea sana, na wengi wadhani kuwa yanawavua na dhima. Tumeyatafuta katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu kisomwacho katika darsa zetu za pwani. Humo, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba mwenye kuuza kwa sharti ya kuepukana na kasoro huepukana na kasoro moja tu: ile iliyofichika ndani ya mnyama, naye hakuijua. Mnyama ameachiliwa kwa sababu hula na kutembea na kubadilika, na ugonjwa wake wa ndani hauonekani. Kalamu si mnyama. Kwa hivyo "mimi sijui" ya muuza kalamu haimfai kisheria hata ikiwa ni kweli hajui. Na kama anajua, basi ameongeza uwongo juu ya kasoro.

Zaidi ya hayo, kwa Mashafii, uuzaji wa kitu chenyewe kilicho mbali, ambacho mnunuzi hajakiona, una taabu katika asili yake. Kauli yenye nguvu kwetu ni kwamba hausihi. Mahanafi wanaujuzisha, na wanampa mnunuzi khiari akikiona. Wala mtu asituambie kwamba picha ni kuona. Picha haikuoneshi ufa mwembamba wa kifuniko, wala haikuoneshi kama nibu yakwaruza karatasi. Twawausia ndugu zetu wanaofanya biashara hii wasikimbilie rukhsa ya Hanafi ya kuuza huku wakiiacha khiari ya Hanafi ya kurudisha. Anayetaka kununuliwa kwa picha na akubali kurudishiwa kwa macho. Na iwapo atakataa, ametwaa nusu ya kauli iliyo na faida kwake. Sheria ya nchi yetu ya Uuzaji wa Bidhaa nayo yamtaka muuzaji atoe kitu kinacholingana na sifa alizozitaja. Lakini mtu aliyenunua ng'ambo kwa shilingi elfu nne ataifungulia wapi kesi? Haki yake imebaki katika dini ya muuzaji, ikiwa anayo.

Juu ya mnada neno letu ni fupi, kwani jambo lenyewe ni dhahiri. Kumtia rafiki apandishe bei bila ya nia ya kununua, au kujipandishia mwenyewe kwa jina la pili, ndiko kunakoitwa najash, nako kumekatazwa kwa hadithi iliyo sahihi. Hata wenye mnada wa eBay, ambao hawakusoma Bukhari, wamelikataza kwa kanuni zao. Haliwi halali kwa kuwa mpandishaji haonekani uso.

Sasa twaja kwenye upande ambao hausemwi sana, nao ndio uliotufanya tuandike. Imezoeleka kuwa mnunuzi ndiye mnyonge na muuzaji ndiye mjanja. Katika kalamu za kale mara nyingi ni kinyume. Muuzaji ni mjane aliyeachiwa sanduku la karatasi na vitu vya marehemu. Mnunuzi ni kijana aliyezisoma kalamu hizi miaka mitatu, azijua tarehe zake na bei zake. Kijana huyo aingia nyumbani, aiona kalamu, moyo wamdunda, naye ausawazisha uso wake akasema, "Hii bibi nakupa shilingi mia tano, niichezee." Kisha aiweka kwenye mnada wa ulimwengu. Katika darsa yetu tumeulizwa: je, faida yake ni halali?

Mwenye kumtetea ana hoja, na si uadilifu kuipuuza. Asema: elimu yangu ni mali yangu, nimeipata kwa taabu. Mjane hakudanganywa, ametajiwa bei akaridhika. Kalamu ile ingekaa sandukuni mpaka panya waile mfuko wake. Na ikiwa kila mnunuzi ni lazima atangaze atakachokipata, hapatakuwa na biashara duniani, kwani biashara yote ni kununua mahali pa rahisi na kuuza mahali pa ghali. Na mafakihi wetu wa Kishafii, aongeza, hawakusema kwamba kughiniwa katika bei peke yake kunavunja uuzaji.

Yote haya ni kweli, na ya mwisho ndiyo yenye nguvu zaidi. Ikiwa kijana ameingia duka la vikuukuu, ambalo mwenyewe amejiwekea bei na kazi yake ni hiyo, akaiona kalamu njema kwa bei ndogo, hatumlaumu kwa kuinunua na kwenda zake. Mwenye duka ameingia sokoni kwa hiari yake, na kujua bei za vitu vyake ni juu yake. Mjane je, yuko sokoni? Mtume (s.a.w.) amekataza kuwatangulia wenye misafara njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni wakajua bei, na mwenye bidhaa akifika sokoni akapewa khiari. Wenye msafara nao wametajiwa bei wakaridhika. Kilichotazamwa hapo ni kwamba yule mnunuzi amejiweka baina ya mwenye mali na khabari ya mali yake. Kijana wetu hakuvuka jangwa kumlaki mjane, lakini ameingia mlangoni kwake kabla ya khabari kuingia.

Na ikiwa mjane ameuliza, "Mwanangu, wewe wajua mambo haya, hii yafaa kiasi gani?" basi mlango wote wa hoja umefungwa. Aombwaye shauri ameaminiwa. Akijibu mia tano naye ajua ni elfu kumi, hakununua kalamu. Ameiba kwa ulimi.

Lakini twataka kwenda mbele zaidi ya lililo wajibu. Jarir bin Abdillah al-Bajali (r.a.) alimpa Mtume (s.a.w.) mkono wa ahadi kwamba atasimamisha Sala, atatoa Zaka, na atamtakia kheri kila Mwislamu. Siku moja mtu wake alimnunulia farasi kwa dirhamu mia tatu. Jarir akamwendea mwenye farasi, akamwambia kuwa farasi wake ni bora kuliko mia tatu, je, ataka mia nne? Akaendelea kumpandishia mia baada ya mia, mpaka akamlipa mia nane. Watu wakastaajabu, naye akawakumbusha ile ahadi yake. Hakuna kadhi angemhukumu Jarir alipe dirhamu moja zaidi ya mia tatu. Bei ilikwisha, mwenyewe ameridhika, farasi ameondoka. Lakini Jarir hakuiona ahadi yake kuwa ni ya msikitini tu.

Hatusemi kila mnunuzi alipe kama Jarir. Tusemalo ni kwamba kijana huyo na amwambie mjane hivi: "Bibi, kalamu hii ina wanunuzi mbali. Nikiisafisha na kuitia mfuko mpya huenda ikapata kiasi fulani, na huenda isipate. Nikupe nusu sasa, au niiuze kwa niaba yako unipe ujira wangu?" Elimu yake hakuipoteza, imelipwa. Taabu yake imelipwa. Kitu kilichobaki bila kulipwa ni kutojua kwa bibi yule, nacho hakikuwa mali ya kijana hata akiuze.

Na kijana atakayeuliza kiasi gani kalamu yafaa asizitazame bei zinazoombwa, maana kuomba hakuna kikomo. Mtu aweza kuiandikia kalamu yake bei ya nyumba ikakaa mwaka mzima bila kununuliwa. Atazame zilizokwisha kuuzwa, ambazo mnada wa eBay huzionesha mbali. Dhahabu ya nibu isimdanganye pia, kwani nibu nyingi hazina uzito wa pete nyembamba. Na anayeziyeyusha kwa ajili ya dhahabu, kama wengine wafanyavyo, huharibu kitu cha thamani kubwa apate kitu cha thamani ndogo.

Limebaki suali la Zaka, na twaliandika kwa sababu waliokwisha kuifanya biashara hii hawatuulizi. Kalamu alizojiwekea mtu kwa mapenzi yake si mali ya biashara. Lakini alizozinunua kwa nia ya kuziuza ni bidhaa, na bidhaa hukadiriwa mwisho wa mwaka kwa bei ya soko la siku hiyo, si kwa bei aliyonunulia. Ikifika nisabu hutolewa mbili na nusu katika kila mia. Tumekwisha kuona muuzaji ambaye mwezi wa Rajabu amemwapia mnunuzi kwamba sanduku lake la kalamu ni la shilingi laki moja na zaidi, na Ramadhani ilipoingia akatwambia kwa unyenyekevu kwamba ni vikuukuu tu vya wazee, na nani siku hizi anunua kalamu ya wino?